Kadi ya Gari la Mjomba Ramadhani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo huwa inanirudia kila nikiona mtu anatoa kitu huku bado amekishika. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimerudi Manyoni kutoka Geita, na kabla ya Geita nilikuwa Tunduma. Sikuwa mtu wa kukaa. Hata sasa basi la asubuhi likipiga honi nageuza shingo, lakini hayo tuyaache.

Mjomba wangu Ramadhani, mdogo wake mama, alikuwa fundi mstaafu wa reli. Alikuwa na gari ambalo Manyoni nzima halikuwa na mwenzake. Jekundu, viti viwili, fupi kama limechuchumaa, na paa lake la turubai unalikunja nyuma ukabaki unapigwa na upepo. Alilinunua Dar es Salaam kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Lilipozeeka, na magoti yake nayo yakaanza kumkatalia kuingia na kutoka, akaamua kulitoa sadaka kwa kituo kimoja cha kulea watoto wenye ulemavu, kule Kilimatinde.

Tulilipeleka mimi na yeye. Barabara ya kupanda ilikuwa ya mawe, tumbo la gari likawa linakwaruza, na kila likikwaruza Mjomba anafumba macho. Mama Neema, mlezi mkuu wa kituo, alitupokea vizuri. Watoto wakatuimbia. Mjomba akakabidhi ufunguo mbele ya watu wote, machozi yakamlenga. Mimi pia yalinilenga, kwa sababu zangu. Nilikuwa nalitamani gari lile tangu nikiwa sekondari.

Kadi ya gari, ile inayoonyesha mwenye gari ni nani, alirudi nayo mfukoni. Alisema ataileta akishapata bahasha nzuri ya kuitilia.

Ikawa kila Jumamosi anapanda Kilimatinde. Akimkuta kuku amelala kwenye kiti, anafoka. Akikuta watoto wamekaa ndani wanajifanya madereva, anawateremsha kwa upole, kisha anafuta usukani kwa leso yake. Safari moja alimuuliza Mama Neema kwa nini turubai lina vumbi, kana kwamba Kilimatinde kuna mahali pasipo na vumbi.

Mama Neema alikuwa na shida kubwa kuliko turubai. Watoto wake sita walitakiwa kuteremka hospitali Manyoni kila wiki kwa mazoezi ya viungo. Walikuwa wanakwenda kwa pikipiki, mlezi amempakata mtoto nyuma ya dereva, na mmoja alikuwa ameshaanguka akavunjika mkono. Basi akampata kijana wa Dodoma anayekodisha magari ya harusi. Yule kijana alikuwa na Noah ya viti vinane, kuukuu ila nzima, na alikubali wabadilishane. Alisema atasubiri mpaka Jumapili, baada ya hapo atatafuta kwingine. Kilichokosekana ni kadi.

Mama Neema akaja nyumbani kwa mama yangu, ambako Mjomba alikuwa anakuja kunywa chai kila asubuhi, akaeleza yote hayo.

"Hapana," Mjomba alisema. "Sikulitoa likabebe maharusi."

"Sasa mzee, nilitumieje? Watoto sita, kiti cha abiria kimoja. Nimchague nani?"

"Litapata kazi tu. Msiwe na haraka."

"Mvua inakuja, mzee. Ile barabara unaijua."

"Kama linawasumbua, nitalichukua. Huyu mpwa wangu ana leseni."

Akaninyooshea kidole. Mwanangu, nisikufiche, moyo uliruka. Niliinamisha kichwa nikakitazama kikombe.

Mama alikuwa pale mlangoni anapepeta uwele. Hakuacha kupepeta. "Ramadhani," alisema, "unamkumbuka Madoa?"

"Ng'ombe wa baba?"

"Yule aliyewekwa kwa mzee Msengi."

Ninyi wa siku hizi labda hamjui. Kwetu mwenye ng'ombe wengi huwa hawaweki wote zizi moja. Wengine anawaweka kwa jirani. Jirani anawachunga, anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba, lakini ng'ombe si wake. Hawezi kuuza wala kuchinja mpaka aulize. Na mwenyewe akipita njia ile lazima aingie kuwatazama.

"Baba alikuwa anafanyaje akimkuta Madoa amekonda?" mama aliuliza.

"Anamgombeza mzee Msengi."

"Na alikuwa na haki. Ng'ombe alikuwa wake, na hakumwambia mtu kwamba amemtoa sadaka." Sasa akaweka ungo chini. "Wewe umesema umetoa, watoto wakakuimbia. Kumbe umewawekea tu. Wakuchungie gari lako, wafukuze kuku, na wewe upite Jumamosi kuangalia kama limekonda."

Mjomba alicheka kidogo. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Dada, unaniaibisha mbele ya mgeni."

"Huyu siye mgeni, ndiye mwenye gari. Mpe kadi yake, au mwambie akurudishie ufunguo, tujue moja. Na wewe," akanigeukia, "acha kutazama kikombe. Nimekuona."

Mjomba akasogeza kikombe kando, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kadi. Ilikuwa ndani ya bahasha nzuri ya kaki, jina la kituo limeandikwa juu kwa mwandiko wake, na pembe zake zimeshalegea kwa kukaa mfukoni siku nyingi.

Mvua zilipoanza, tulikuwa tumesimama na Mjomba stendi ya Manyoni, ile Noah ikapita imejaa watoto. Nilimwona anakagua matairi kwa macho. Kisha akageukia upande mwingine, akaniuliza habari za Geita.

Mwanangu, nami nakuomba hivi. Ukitaka kuweka, weka, na useme umeweka. Hakuna ubaya, watu watakunywa maziwa na watakushukuru. Lakini ukisema umetoa, toa na kadi siku hiyohiyo. Wakiuza, wakibadilisha, kuku akitaga ndani, hayo ni yao. Na ukimwona ndugu yako anatoa kitu huku amekishika, usitazame kikombe kama mimi. Mwambie.

Mungu akujalie vitu vya kutoa, akupe wa kukukumbusha kama mama alivyomkumbusha Mjomba, na barabara zako zote zipitike wakati wa mvua.