Rumu niliyomupelekea mujomba wa wiski

Leo nusura nikose bibi juu ya chupa moja.

Wakwe waliandika kwenye faktire ya mahari, ile orodha ya vitu vya kuleta: mbuzi, vitenge, na wiski moja ya mujomba wa Feza, muchumba wangu. Vyote nilipata, ila wiski. Kalemie nzima hakuna, boti ya Kigoma haijafika.

Mama wa magazini, duka la pombe, akaniambia: "Chukua hii rumu, pombe ya miwa. Ni ya miaka mingi, na mwisho waliilaza ndani ya mapipa yaliyotoka wiski. Njo waliitengeneza kwa watu wa wiski."

Nikachukua. Ningefanya nini?

Munajua desturi: mujomba asipoonja, hakuna muntu anafungua mdomo juu ya mahari.

Akaonja. Akafunga macho. Akaongeza.

"Hii njo wiski," akasema. "Si ile munaniletea siku zote."

Nikashusha pumzi.

Ndipo bibi ya mujomba akavaa miwani, akasoma chupa kwa sauti: rumu.

Feza akaangalia miguu yake. Nikanyoosha mkono ili niirudishe magazini.

Mujomba akaivuta chupa, akaificha chini ya kiti chake.

"Acha, mukwe. Faktire inasema wiski, na wiski utaileta boti ikifika."

"Na hii, Papa?"

"Hii hatukuiomba. Hii ni zawadi."

Mahari imepita, bandugu, tumecheka mpaka machozi.

Sasa hivi bibi ya mujomba amenipigia simu. Mujomba anauliza kama ile wiski bado ni lazima, ao yule mama wa magazini alibakia na rumu ingine.

Nimujibu nini?