Tyubu ya Akiba

Juma lililopita nilikaa juu ya kreti ya soda mbele ya kibanda cha fundi pikipiki, pale Manyamanyama, Bunda, nikimtazama akinyunyiza poda ya mtoto ndani ya tairi jipya. Harufu ya poda ikichanganyika na ya mpira ikanifikia, nikainama, nikaegemeza uso magotini. Fundi akadhani nina njaa. Akataka kuniagizia chai.

Pikipiki ni ya marehemu baba. Aliniachia mwaka jana, ikiwa imesimama juu ya matairi yaliyopasuka kama visigino vya mkulima. Nilianzia Musoma kuitafutia mengine. Maduka yamejaa matairi ya bodaboda, lakini ringi ya mbele ya hii ni namba kumi na tisa, na wauzaji wa leo wanajua kumi na saba na kumi na nane. Mmoja aliniamkia vizuri, akaitazama namba niliyoiandika kwenye karatasi, akacheka. "Mzee wangu, saizi hii tulikuwaga nayo mimi sijaoa. Iweke sebuleni tu, wajukuu wawe wanaipanda." Butiama nako nilitoka mikono mitupu. Ni huyu fundi wa Bunda aliyelipata tairi la mbele, likiwa limening'inia kwenye stoo ya mwenzake kwa miaka. Alilikunja, akalipima kwa ukucha kuona kama mpira umekauka, akasema bado linafaa.

Sijui kama wewe msomaji uliwahi kukaa kwenye nyumba yenye pikipiki pekee kijijini. Sisi tulikaa upande wa Kibara, karibu na ziwa. Baba alikuwa karani wa kupima pamba. Asubuhi aliipiga kiki mara tatu, na mlio wake ndio uliowaambia majirani kuwa muda wa kwenda shamba umefika. Mama alikuwa ameshachochea moto, uji wa mtama unatokota, na furu wa jana, wale samaki wadogo wa ziwani, wanapashwa kwenye chungu. Mimi kazi yangu ilikuwa kwenda kufukuza ndege kwenye mtama. Siku nzima juani, na manati mkononi.

Matairi yalikuwa adimu miaka ile. Baba aliyatunza kuliko viatu vyake. Kila yalipobadilishwa ilikuwa shughuli ya nyumba nzima: mama analeta maji ya sabuni ya kulainishia, mimi nashika vyuma bapa, baba anabinua ukingo wa tairi taratibu asije akaibana tyubu. Na chini ya kitanda chake, ndani ya debe la biskuti, alikuwa na tyubu moja mpya ya akiba. Aliingoja miezi mingi mpaka ikapatikana Musoma. Aliipaka poda, akaikunja, akaifunga kwa kitambaa. "Hii haiguswi," alituambia. "Hii ndiyo miguu yangu."

Manati yangu ilikuwa ya tyubu ya baiskeli, mpira mwembamba uliochoka. Nilijua mpira wa pikipiki unavuta mbali. Mchana mmoja, mama akiwa amekwenda ziwani kununua samaki, nilifungua debe. Nilikata vipande viwili kwa wembe, upande wa ndani, nikaikunja tena upande mzima ukae juu. Nikarudishia na poda. Nilijiona mwerevu sana. Jioni ile niliangusha njiwa wawili, na mama akanisifu.

Haukupita mwezi, mtu akaja na baiskeli alfajiri kutuambia kuwa bibi, mama yake baba, amefariki kule Buhemba. Mazishi ni siku hiyo hiyo, jua likianza kushuka. Baba ndiye alikuwa kifungua mimba wake, na kwetu kifungua mimba ndiye anayetupa udongo wa kwanza juu ya mama yake. Asipoutupa yeye, watu watasema mama huyu amezikwa kama hakuzaa. Baba alivaa koti, akalifunga debe nyuma ya pikipiki, akaondoka. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema, kwa sababu kiki ya kwanza haikuwasha, wala ya pili. Sikusema.

Alivuka Bunda salama. Mbele ya hapo, porini, msumari ukaingia gurudumu la nyuma na tyubu ikachanika kwenye nozeli, pale pa kujazia upepo, mahali pasipozibika kwa kiraka. Akafungua debe. Hayo alituhadithia mwenyewe, polepole, aliporudi siku ya tatu. Aliisukuma pikipiki mpaka Butiama, akaiacha kwa watu, akaendelea kwa miguu. Alipofika Buhemba wanawake walikuwa wanaosha majembe. Baba mdogo ndiye aliyetupa udongo.

Mama alisema ni panya. Baba aliushika mpira ule, akautazama ukingo uliokatwa ukanyooka. "Panya wa siku hizi wana nyembe," akasema, akatoka nje. Hakutuuliza. Mwaka uliofuata alipata tyubu nyingine, akaiweka kwenye debe lile lile. Kesho yake nilikuta kwenye mkeka wangu vipande viwili vya tyubu ile iliyoharibika, vimekatwa vizuri, upana wa manati.

Alijua. Na mimi nilijua kuwa anajua. Nikasoma mpaka sekondari, nikaajiriwa, nikastaafu. Kila Krismasi nilirudi Kibara nikala naye sato, tukazungumza bei ya pamba na mvua. Kila mara nilijiambia, leo. Kisha jua likazama, nikaaga.

Fundi alipomaliza kujaza upepo alinyanyua tyubu ya zamani. "Hii nitaikata kamba za mizigo, mzee, au unaondoka nayo?" Sijui kwa nini nilimwambia yeye, kijana nisiyemjua, habari yote. Akasikiliza, pampu mkononi. Kisha akasema kwa upole, "Lakini mzee, si ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa mtoto mwaka mmoja," nikamjibu. "Miaka iliyobaki nilikuwa mtu mzima."

Akaifuta mikono yake.

Siku hizi tyubu za saizi nyingine zinauzwa kila kona kama maandazi, wala hakuna anayeficha moja chini ya kitanda. Furu wamekuwa wachache ziwani. Kwenye mtama wetu pameota nyumba za bati. Pikipiki inawaka kwa kiki ya kwanza, na nikitaka, Buhemba nafika kabla ya saa sita. Debe la biskuti ninalo bado. Nimeweka tyubu mpya ndani yake, nikaipaka poda, nikaikunjua yote kwanza na kuipitisha mkononi pande zote mbili, ndani na nje, kama ambavyo baba angefanya asubuhi ile kama asingeniamini.