Kutu ya jembe la mama

Leo mwalimu wa kemia alileta misumari yenye kutu, akauliza chuma humo kina namba gani ya oksidesheni, yaani kimepoteza elektroni ngapi. Harufu ile ya kutu ilinirudisha kwetu Matai, nikiwa mdogo, baada ya msiba wa mama. Jembe lake la kulimia ulezi lilibaki nyuma ya mlango, jekundu.

"Jembe likikosa mwenyewe hushika kutu," bibi alisema.

Basi nikalisugua kwa mchanga mpaka likang'aa.

"Unafanya nini, mjukuu wangu?"

"Bibi, halina kutu tena. Mama anakuja saa ngapi?"

Bibi alikaa chini palepale, akajifunika uso kwa kanga.

Leo darasani jibu nililijua, chanya tatu. Sikunyoosha mkono, maana mwalimu angenisimamisha nieleze chuma kimepoteza nini.