Kidevu Juu ya Gitaa

Enzi zetu, na mliolelewa kambi za vibarua mtanishuhudia, gitaa halikupigwa kabla ya kubembelezwa. Hapa Eldoret, wazee wakiiita Sisibo, baridi ya asubuhi ilikaza nyuzi na jua la saa sita likazilegeza. Kwa hiyo Jumapili baada ya kanisa, baba alikaa kwanza nje ya nyumba, gitaa limelala mapajani, nasi watoto tunasubiri huku tukitafuna mahindi ya kuchoma.

Baba alikuwa fundi wa msumeno kwenye kiwanda cha mbao cha mzungu. Gitaa aliachiwa na mzungu mwingine aliyekuwa akihama, lile la kulazwa na kutelezeshewa kipande cha chuma juu ya nyuzi. Baba akaongeza ufundi wake. Alifunga waya wa breki ya baiskeli kwenye uzi mmoja, akaushusha hadi kwenye kibao cha mguu. Akikanyaga, uzi unavutika, sauti inapanda na kulia kama mtu aliyefiwa. Lakini taabu yake! Uzi ule ulitakiwa upatane na wenzake kabla ya kukanyagwa, na ukishakanyagwa upatane tena. Ukitengeneza huku, kule kunaharibika.

Hapo baba aliinama, akabandika kidevu kwenye ubao wa gitaa, akafumba macho. "Nyuzi zikigombana, ubao unatetemeka," alisema. "Zikipatana, unatulia."

Wee! Vijana wakaona huo ndio ustadi wenyewe. Kutoka Kimumu hadi Yamumbi ungekuta mvulana na gitaa lake la debe, kidevu kimebandikwa, amefumba macho, na hajui anatafuta nini.

Leo naweza kusema, maana wahusika wote wametangulia. Baba alikuwa hasikii. Msumeno ulikuwa umemmaliza masikio, na aliyejua ni mama peke yake. Nyapara wa kiwanda angejua, baba angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na nyumba ilikuwa ya kiwanda. Tungelala wapi?

Jumapili moja nyapara mwenyewe alikuja kusikiliza. Baba alikuwa katikati ya wimbo waya wa breki ulipoteleza, ule uzi ukalegea kabisa. Sauti iliyotoka, jamani, hata kuku walikimbia. Baba akaendelea kupiga, anatabasamu, anakanyaga kibao. Watu wakaanza kutazamana. Nyapara akaacha kutikisa kichwa.

Mama aliinuka akicheka kwa nguvu. "Baba Nekesa, wacha mzaha! Watu wanataka wimbo!" Huku akimgonga goti mara mbili. Baba akamwangalia usoni, akaelewa. Akakaza waya, akashusha kidevu, akatafuta pale ubao unapotulia, akaanza upya. Nyapara akacheka mpaka akajifuta machozi. "Huyu mzee ana maringo!"

Nami nilicheka. Baadaye baba aliponipeleka mtoni kuchota maji, yeye mbele mimi nyuma, nikamuuliza, "Baba, kumbe ulikuwa unatutania?" Kimya. Nikauliza tena. Nikapaza sauti, nikaita jina lake la utotoni ambalo hatukuruhusiwa kulitaja. Alikuwa anatembea tu, anapiga mluzi. Nililia kimya kimya mpaka mtoni. Tangu siku hiyo sikuwahi kusema na baba nikiwa nyuma yake, na sikumwambia mtu.

Siku hizi mjukuu wangu anaelekezea gitaa simu, simu inamwambia kaza, legeza, basi, kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Gitaa linalia vizuri, siwezi kudanganya. Halafu anaziba masikio yake yote mawili na vile viwaya vya muziki, masikio mazima kabisa aliyopewa na Mungu bure. Namwita mara ya kwanza, ya pili, hageuki. Wenzangu husema nimchape. Mimi huinuka na magoti yangu haya, nikazunguka hadi mbele yake, ndipo niseme.