Tiketi Saba za Bukene

Mimi siamini maneno matupu ya mtu, na sioni aibu kusema. Naitwa Tunu, wa hapa Isevya, Tabora, na kwa miaka ishirini nimekuwa somo. Mwari anapoolewa mimi ndiye ninayemfunda mambo ya unyumba, na ndoa ikitikisika ananijia mimi kabla ya mama yake. Somo ni mlinzi wa nyumba ya mwari wake, na mlinzi asiyeshuku ni wa kazi gani?

Basi mwishoni mwa mwezi wa Rajabu alinijia Maua, niliyemfunda miaka kumi na miwili iliyopita, uso umempauka. Alikuwa amekwenda kituo cha afya kupimwa mlango wa kizazi, na majibu yametoka: ana virusi, vile vya papiloma. Nesi alipompaka siki kuangalia, sehemu moja ikageuka nyeupe. Aliambiwa si saratani, ila ikiachwa huenda ikawa. Arudi Jumanne ichomwe kwa joto, kazi ya dakika chache.

"Na hivyo virusi mtu anavipataje?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Kwa tendo la ndoa, somo."

Hapo hapo akanijia kichwani Abbasi. Abbasi ni mumewe, mchuuzi wa mchele, kila baada ya wiki mbili yumo kwenye treni kwenda Bukene, na mara nyingine hulala huko huko. Mpole kupita kiasi, na mwanamume mpole wa namna hiyo mimi humwangalia mara mbili. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

"Jumanne usiende," nikamwambia Maua. "Wakikuchoma, ushahidi umeungua. Wazee wakikaa utawaonyesha nini? Kwanza tumjue aliyekuletea, halafu ndiyo utibiwe."

Nikiyakumbuka maneno hayo najichukia. Wakati ule nilijiona mwanamke mwenye akili kuliko wote Tabora.

Nikamwagiza Maua apekue mifuko ya Abbasi kila anapomfulia. Akawa ananiletea tiketi za treni, nami nazitia kwenye mkoba wangu. Shaabani ikapita. Yule nesi, Pelagia, akampigia simu mara mbili, nikamwambia Maua asipokee. Ramadhani ikaingia, na nani atawaita wazee kwenye kesi ya chumbani watu wamefunga? Maua akaanza kukonda kwa wasiwasi. Abbasi akiuliza kulikoni, anajibiwa kwa mkato, na futari ikawa inaliwa kimya nyumba nzima. Idi ilipokwisha nilikuwa na tiketi saba, lakini mwanamke wa Bukene wa kumtaja sina.

Nikaihamishia shuku yangu kwa Pelagia. Huenda kipimo chao kinamwambia kila mwanamke ana virusi, nikawaza, ili wapate watu wa kuchoma. Dawa ya mwongo ni kumtega. Mume wangu Sadiki alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita, na tangu siku ile hakuna mwanamume aliyevuka kizingiti cha chumba changu. Nikipimwa mimi wakasema ninavyo, nimewanasa.

Pelagia hakuniuliza mengi. Alinipa kijiti chenye pamba, nikajichukua kipimo mwenyewe nyuma ya pazia. Wiki tatu baadaye akaniita.

"Bi Tunu, virusi unavyo."

Nikacheka. "Leo nimekushika, mwanangu. Mimi mjane wa miaka kumi na mmoja. Nimevitoa wapi, sokoni?"

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alivuta kiti akakaa karibu nami.

"Wengi tuliowahi kuwa na mume tumewahi kuvipata, mama. Mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe na mtu asijue. Vingine hubaki, vikakaa kimya miaka kumi, hata ishirini. Humo ndani vinaharibu seli polepole, mpaka zinaanza kuzaliana ovyo. Saratani huanza hivyo, bila maumivu. Nani alikupa, na lini, hakuna kipimo kitakachokwambia."

"Kwa hiyo mume wa Maua..."

"Ya mgonjwa mwingine sizungumzi," akanikata. "Ila kama kuna mtu unamzuia, mlete kesho. Na wewe njoo nikuangalie kwa siki. Doa halingoji kesi, Bi Tunu."

Njiani nilimshuku Sadiki, Mungu anisamehe, marehemu wa watu. Halafu nikakumbuka kwamba kabla yake niliolewa Usoke, miezi minane tu. Nikakosa wa kumshika.

Nilimkuta Maua uani na mumewe. Nikasema yote mbele yao, majibu yangu, na kwamba ni mimi niliyemzuia asitibiwe, na kwa nini. Mtaani mjane mwenye ugonjwa huo atasemwaje, nilijua vizuri, maana mimi ningekuwa wa kwanza kumsema. Maua alilia.

"Miezi mitatu, somo," alisema. "Miezi mitatu nalala nimempa mume wangu mgongo."

Asubuhi tukaenda kituoni watatu. Pelagia alikaa na Maua ndani muda mrefu, nami kwenye benchi sikuweza hata kuvuta uradi. Pelagia alipotoka alisema doa limepanuka kuliko alivyoliacha.

"Lakini bado linachomeka," akasema. "Nishalichoma, anapumzika. Bi Tunu, zamu yako."

Nikasimama na mkoba wangu. Abbasi, ambaye tangu alfajiri hakuwa ameniambia chochote zaidi ya shikamoo, akanyoosha mkono.

"Nenda, Bi Tunu. Mkoba nitakushikia mimi."

Nikampa. Tiketi zake saba zilikuwa mle ndani.