Mistari Miwili ya Lugano

Jumanne, tarehe 16 Aprili 2024. Mvua ilianza alfajiri, na hadi saa nne ilikuwa haijakatika.

Angetile, mzaliwa wa Busale, alikuwa muuguzi wa zahanati ya gereza dogo wilayani Kyela. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amepima malaria kila siku. Vipimo vya bhangi vilikuwa vimeletwa wiki ile ile. Bhangi ilipokutwa kwenye gunia la wafungwa wawili waliotoka kupalilia mpunga, alipima mikojo yao. Kipimo cha Lugano kilitoa mistari miwili, cha Ezra mmoja. Akaandika: Lugano anayo, Ezra hana.

Lugano alikuwa atoke Ijumaa. Kwa kosa hilo angebaki miezi minne zaidi.

“Mama, mimi hata sigara inanikohoza!”

“Mkikamatwa wote mna kifua,” alisema Sylvester, askari wa zamu.

Ezra akacheka. “Mkojo hausingiziwi, kaka.”

Mchana Angetile hakula. Alikaa, akainuka, akapanga upya chupa zilizokwisha kupangwa. Mwishowe akafungua boksi la vipimo na kukunjua karatasi ya maelekezo, ambayo hakuwa ameigusa. Mstari mmoja, bhangi ipo. Miwili, haipo. Akaisoma mara tatu. Ilikuwa kinyume kabisa cha malaria, ambako miwili ndiyo ugonjwa.

Alivuka uwanja bila mwavuli hadi kwa mkuu wa gereza, Afande Jubilate.

“Fomu ya kosa la Lugano nimeshasaini, gari la mkoani linaondoka kesho saa tatu,” alisema mkuu. “Niandike kwamba muuguzi wangu hajui kusoma kipimo?”

“Andika hivyo, afande. Nilisoma kama malaria.”

“Unajua utaitwa kujieleza?”

“Najua. Lugano atoke.”

Mkuu aliweka kalamu juu ya fomu. “Wapime tena asubuhi, mbele ya shahidi. Bila hivyo, fomu inaondoka.”

Kesho yake saa moja Angetile aliwaita wote wawili. Alimpa Sylvester karatasi aisome kwa sauti kwanza, ndipo akachovya vipimo. Cha Ezra kilibaki na mstari mmoja. Ezra akatazama ukuta. Kwenye cha Lugano mstari wa pili ulichelewa, ukaja hafifu.

“Hafifu nao unahesabika,” Sylvester alisoma.

“Ndaga, mama,” Lugano alishukuru kwa Kinyakyusa.

Angetile alivuka tena uwanja hadi kwa mkuu. Alichana fomu ya jana, akajaza mpya, na penye sababu ya masahihisho akaandika jina lake kamili.