Mashine ya Nzanzu

Kabugho alikuwa naibu meneja wa hoteli ndogo ya kifahari kilimani, nje ya mji wa Bwera, na kazi yake hasa ilikuwa kubeba lawama. Meneja mwenyewe, Semakula, alishinda Kampala akiendesha hoteli kwa simu.

Ijumaa moja ya mwaka 2015, mgeni aliyekuja kutazama ndege wa porini alifika kwenye chai ya asubuhi amenuna. Aliahidiwa utulivu, sasa huo mngurumo ulikuwa wa nini?

Ilikuwa mashine ya kusaga muhogo, nyuma ya ua wa hoteli. Mwenyewe alikuwa Nzanzu, baba mdogo wa Kabugho, na ilikuwa ikisaga pale tangu kabla hoteli haijajengwa. Kabugho akampigia Semakula.

"Zima hiyo kitu."

"Si yetu, bosi. Nitaizimaje?"

"Wewe si mtu wa huko? Ongea na watu wako." Akakata simu.

Kabugho akapita kwenye tope na viatu vyake vya kazini. Wanawake waliokaa na vikapu vyao vya muhogo wakamtazama bila kumsalimu.

"Baba mdogo, naomba uzime kidogo tu, mpaka mgeni amalize kula."

"Mwanangu, leo ni siku ya soko Mpondwe. Hawa wapeleke nini?"

"Watanifukuza kazi, baba."

Nzanzu akafuta mikono, akazima. Kimya kikatanda. Mama Edisa, jirani yao, akainua kikapu chake. "Basi na njaa yetu isubiri mgeni ashibe," akasema, akaondoka.

Aliporudi alikuta meza tupu. Mgeni alikuwa ameshaondoka na mwongoza wageni, hata chai hakuimaliza. Kabugho akakimbia tena kwenye mashine, lakini injini ilikuwa imeshapoa, ikagoma kuwaka. Nzanzu aliivuta mpaka jasho likamtiririka. Wanawake wakashika njia ya mjini kutafuta mashine nyingine.

Jumatatu Semakula alipiga simu akicheka. Mwenye hoteli amempongeza kwa kumaliza kelele. "Sasa iwe hivyo kila asubuhi. Mwambie mzee."

"Njoo umwambie mwenyewe," Kabugho akasema, na safari hii yeye ndiye aliyekata.

Semakula hakuja. Injini ilitengenezwa, mashine ikanguruma kama kawaida, na wageni waliponuna, Kabugho aliwaomba radhi, kisha akaingia jikoni akabamiza mlango.